Koti Lisilo na Vifungo

Kwa Jumapili kadhaa mfululizo nilikwenda kanisani nimevaa vazi ambalo Wazungu hulivaa wakitoka kuoga. Wala sikulivaa kwa haraka haraka. Nililipiga pasi ya mkaa, nikafunga mkanda wake kwa fundo lenye masikio mawili, nikaketi benchi la mbele ili walioko nyuma wapate nafasi ya kuutazama mgongo. Kwaya yangu ilipoitwa kwenda kuimba, nilipita katikati taratibu kama bibi harusi. Mchungaji mwenyewe alinipongeza mlangoni. Alisema sasa naonekana mtu wa safari.

Mtu wa safari sikuwa. Sekondari nilisoma karibu na nyumbani kiasi kwamba kengele ya asubuhi ilinikuta bado nanywa uji. Nilipomaliza kidato cha nne nikaingia chuo kidogo cha ufumaji, pale pale kwetu Vudee, kwa sababu kilikuwa chini ya mteremko na kwenda hakukuwa na kazi. Kurudi kulikuwa ni kupanda, lakini kurudi nyumbani hakujawahi kunichosha.

Chuo hicho kilikuwa na urafiki na chuo kingine huko Ulaya, kwenye nchi moja ya baridi kali, na walikubaliana mwanafunzi mmoja aende akasome muhula mmoja. Aliyechaguliwa kwanza alipata mimba. Wa pili, baba yake alisema binti yake hapandi ndege hata ikija kutua kwenye shamba lake la maharage. Walimu wakabaki wanatazama huku na huku, mpaka macho yao yakanifikia mimi niliyekuwa nimejikunja nyuma ya mtambo wa kufumia nikiomba nisionekane.

Basi nikawa wa kwenda. Kila aliyenipa pongezi alinipa na habari ya baridi. Si baridi hii yetu ya mwezi wa saba, ya ukungu kukaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa, ambayo ukijifunga khanga mbili na kusogea jikoni inakwisha. Niliambiwa huko mate yanaganda kabla hayajafika chini. Ndiyo maana chuo kilinipa hela za kitu kimoja tu: koti zito. Mengine ningejitafutia. Koti, walisema, ndilo uhai.

Na makoti yalikuwepo. Ni miaka ile tulikuwa ndio kwanza tumetoka kwenye foleni za sabuni na kufulia majani ya mpapai, mara ghafla soko la Same likafunikwa nguo. Mitumba ile ile ambayo zamani ilivaliwa kwa aibu na kuitwa kafa Ulaya, sasa ilitandazwa juani mchana kweupe, na kila mtu akavaa marehemu wake bila wasiwasi.

Mmoja wa wauzaji alikuwa binti wa baba yangu mdogo. Kwa mila zetu huyo ni dada yangu kabisa, na kwa tabia pia, kwa maana ameanza kunionea kabla sijaota meno. Katika ukoo wetu yeye ndiye alikuwa wa kwenda. Alishafika Arusha, alishafika Tanga, alishafika mpaka Taveta kwa njia ambazo hakupenda kuulizwa. Mimi hata Msangeni, humu humu milimani kwetu, nilikuwa nimeisikia tu. Sasa ndege ije inichukue mimi imwache yeye? Nilipaswa kuliona hilo usoni mwake siku ile. Sikuliona. Nilikuwa natazama makoti.

"Haya, Mzungu wetu huyo!" aliniita mbele ya wateja wake. "Unataka la kuendea shamba au la kuendea Ulaya?"

Kwenye msumari juu ya kichwa chake lilining'inia koti la kahawia, la sufu nzito, vifungo vyake vikubwa kama visoda. Nikalinyooshea kidole.

"Hilo?" akacheka. "Hilo la makuli wa bandarini, mdogo wangu. Ukishuka nalo kwenye ndege watakupa mzigo ubebe. Ngoja dada yako akupe kitu cha watu."

Akainama, akachimbua chini ya robota, akatoka na vazi refu la rangi ya zambarau, zito, laini kama shingo ya ndama, kola yake inang'aa, mkanda wake una vishada mwishoni. Nikaligeuza, nikatafuta.

"Mbona halina vifungo?"

"Ulaya nani anafunga vifungo, na vidole vimeganda? Ndiyo maana wenyewe wakaweka kamba. Unavuta tu, shwii, umemaliza."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na niliona jambo hilo lina maana. Nikatoa hela zote za chuo.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kigeni, mama mmoja mpole aliyetumwa kuja kunitayarisha. Aliniambia nitandaze vitu vyangu kitandani avione. Alipofika kwenye koti alilishika, akalipapasa, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hili ni zuri sana. Utalivaa ukitoka bafuni."

"Na nikienda nje je?"

"Nje, hapana."

"Hata kanisani?"

Akatazama bati la nyumba yetu kwa muda mrefu sana.

Bafu letu sisi lilikuwa migomba minne na gunia. Ukitoka humo unakimbia; hakuna wa kusimama afunge mkanda. Sasa ningejuaje?

Kesho yake nikateremka Same na gari la kwanza, koti nimelikunja kwapani. Nilifikiri, kwa upumbavu wangu wa mara ya pili, kwamba dada naye hakujua. Nikamkuta amesimama katikati ya wauzaji wenzake anaigiza. Anafunga mkanda wa hewani, anapandisha mabega, anatembea kama mimi ninavyotembea kanisani. Watu wanajifuta machozi. Akaniona.

"Karibu!" akasema. "Kwani umeshaoga?"

Safu nzima ya mitumba ililala chini kwa kicheko. Hata mwanamke wa maembe, ambaye hakuwa hata kwenye safu hiyo, alicheka.

La kahawia lilikuwa bado liko kwenye msumari. Nikamwomba tubadilishane, nikamwomba kwa heshima, nikamwita dada. Akasema mali ikishauzwa imeuzwa. Akasema tena niende nalo tu Ulaya, huenda mwenyewe bado analitafuta.

Hasira zangu si za kupiga kelele. Ni za kuweka, kama mahindi ya mbegu juu ya jiko. Zinakaa kwenye moshi na zinazidi kukauka. Nilipanda mlima siku ile sisemi na mtu, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nitafungua kesi.

Watu hutucheka sisi Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wanaotucheka hawajawahi kudhulumiwa kuku. Nilikwenda kwa baba mkubwa, mkubwa wa ukoo wetu, nikamweleza, na macho yake yaliniambia kwamba msimu mzima wa mvua hakuwa amepata kesi ya maana. Kikao kikaitwa Jumamosi ile ile. Safari yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Wazee walikaa kwenye viti vya kukunja, na koti likawekwa juu ya meza kama maiti. Mimi nikaeleza. Nikasema hili si koti, ni nguo ya kutokea bafuni, na dada yangu alijua, na ninaomba anipe lile la kahawia nisiende kufa kwa baridi. Baba mkubwa akauliza, "Mtu anatoka kuoga halafu anavaa nguo yote hii? Ili iweje?"

Nikainua mkanda, nikawaonyesha vishada.

Dada akasimama. Alikuwa na kipaji, lazima niseme. Akajifunga khanga yake vizuri, akainua mkono.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi nauza nguo, najua nguo. Hili ni koti. Naapa mbele yenu na mbele ya baba yangu aliyekaa pale. Ni koti la heshima, na mtu yeyote wa heshima anaweza kulivaa mbele za watu."

Ndipo wakaanza kulijaribu. Baba mkubwa alilivaa, akasema linabana kwenye tumbo. Likazunguka. Likafika kwa baba mdogo, baba yake dada, mtu mrefu mwembamba anayependa kuonekana, na likamkaa kana kwamba fundi alimpima. Akatembea mpaka mlangoni. Akarudi. Akaingiza mikono mifukoni, akaitoa, akaiingiza tena. Hakutaka kulivua.

Hukumu haikuchelewa. Lina mikono, lina kola, lina mifuko, basi ni koti. Mimi nimemsingizia ndugu yangu. Faini yangu: niwapikie wazee makande Jumapili, na yawe na nyama.

Nilichambua maharage yale jioni nikimtukana dada kwa kila punje. Mahindi yakaanza kuchemka, nami nikaanza kurudia maneno ya kikao kichwani, kama anavyofanya kila aliyeshindwa. Nikafika pale aliposema naapa. Nikafika pale aliposema mtu yeyote wa heshima. Nikaacha kukoroga.

Jumapili wazee walipokwisha kushiba, nikaingia na koti nimelishika kwa mikono miwili. Nikapiga goti.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi kesi nimeshindwa na nimekubali. Lakini hili koti jana nililiona lilivyokupenda. Mimi binti mdogo siliwezi. Naomba ulipokee, ulivae siku zako za heshima."

Wazee waliguna kwa furaha. Baba mdogo akaniwekea mkono kichwani. Dada alikuwa anakusanya sahani. Mikono yake ilisimama. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akafungua kinywa. Nikamtazama nami, nikangoja. Angesema nini? Kwamba si koti? Alikwisha kuapa.

Akafumba kinywa.

Wiki ile nililala vizuri kuliko kabla ya kuzaliwa, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo ukoo mzima ulilijua: Jumamosi iliyofuata wakwe zake walikuwa wanapanda kuja kukamilisha posa. Na mchumba wake, kijana mtaratibu mwenye masharubu membamba, kazi yake ilikuwa ni kutunza vyumba kwenye hoteli ya watalii huko Moshi.

Nilikwenda mapema kusaidia kupika. Mtu akisema nilikwenda kwa ubaya, sibishi. Nilichagua kukaa kwenye kona ya veranda, na beseni la viazi mapajani, mahali ambapo mlango wa mbele unaonekana wote. Kulikuwa na ukungu na kibaridi, hali nzuri ya koti. Saa saba mchana wakatokea, wajomba, shangazi zao, na kijana mwenyewe na suti. Na baba mdogo akatoka kuwapokea: kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi, tai shingoni, na juu ya yote ile zambarau, mkanda umefungwa fundo lenye masikio mawili, vishada vinacheza.

Kijana alisimama kwenye ngazi. Alitazama vishada.

"Shikamoo baba," alisema. "Samahani sana. Au tumewahi mno? Tunaweza kungoja pale chini, uvae kwanza."

"Nivae nini?" Baba mdogo alijitazama. "Si nimeshavaa?"

Shangazi mmoja aligeukia mlimani akaanza kukohoa. Kijana akazidi kujieleza, kwamba hotelini kwao hizi huwa wanazitundika nyuma ya mlango wa bafu, kwamba ni nzuri, nzuri sana hii. Baba mdogo hakuelewa, na mtu asipoelewa mbele ya wakwe hukasirika. Akamwita binti yake atoke ndani.

"Mama, njoo umweleze mwenzako. Hiki nilichovaa ni nini?"

Dada akatoka na khanga mpya na mafuta usoni. Akaangalia mchumba, akaangalia wakwe, mwisho akaniangalia mimi na viazi vyangu. Nilikuwa namenya ganda moja refu, sitaki likatike.

"Ni koti, baba," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Ni koti!"

Mungu anisamehe, lakini sijawahi kula wali mtamu kama wa siku ile. Hawakuachana, msiwe na wasiwasi. Kijana alikuwa muungwana na posa ikapita. Ila nasikia nyumbani kwa mumewe jina la utani la mkwe lilikuwa ni Mzee Bafu, na baba mdogo alilivaa lile koti kila Krismasi, na kila Krismasi dada alilazimika kulifua. Miaka imepita. Nikikumbuka bado huongeza sukari kwenye chai.

Jumatatu ndiyo siku niliyofungasha. Jirani yetu, mama mjane ambaye shamba lake na letu yanapakana kwenye mfereji, alikuja na pakiti ya karanga za kukaanga za njiani, akakaa juu ya kifuniko cha sanduku langu la shule ili komeo lishike. Halikushika. Akafungua aone kinachozuia. Akatoa vitenge, akatoa tangawizi kavu, akatoa sweta la shule, akatoa sweta jingine la shule, akatoa la kaka yangu lenye kiwiko kilichotoboka.

"Na la baridi liko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nangoja mtu aniulize. Nikamsimulia yote, kuanzia kiapo mpaka ngazi ya veranda. Nikamwigizia kijana alivyoomba kungoja pale chini, nikamwigizia dada alivyosema kwa sauti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliendelea kukunja lile sweta la kaka, akakigeuza kile kiwiko, akapitisha kidole kwenye tundu lake, akanitazama.

"Mjinga wewe, mwanangu," alisema. "Lile lilikuwa zito, mimi mwenyewe nililishika kanisani. Ungelivaa hivyo hivyo tu. Huko Ulaya nani anakujua?"