Zuleha na Kona ya Nyani

Zuleha wa Mbekenyera hakuwa mtu wa kungoja balaa lifike ndipo aogope. Kuku akichelewa kurudi bandani, yeye alishaona kicheche. Mvua ikichelewa, alishaona njaa. Basi bintiye Sabaha aliporudi kutoka Ruangwa mjini na kuanza kushinda ameinamia simu, mama alijua moja kwa moja kwamba mtoto anabeti.

Sabaha alikana, akamwonyesha. Ulikuwa mchezo usiohitaji hata kupakuliwa. Unaufungua mtandaoni kama unavyofungua habari, mradi kifurushi cha intaneti kipo. Mazimwi ya kijani yanatokea upande mmoja wa kioo na kufuata njia yenye kona nyingi kuelekea kwenye ngome yako. Wewe unajenga minara kando ya njia, na minara inayapiga. Yakipita mengi, umekwisha. Michezo ya namna hiyo ilikuwa tele, lakini huo ndio Sabaha alioupenda kuliko yote.

Zuleha aliketi kutazama kwa nia ya kukemea. Hakukemea. Alisema tu kwamba ule mnara wa juu haufanyi kazi, ujengwe kwenye kona, maana pale adui atapigwa akija na akigeuka. Sabaha akajenga kwenye kona, wakashinda. Tangu hapo mama ndiye aliyekuwa akiuliza kama kifurushi bado kipo, na majirani wakimkuta na simu aliwaambia anamchunga mtoto.

Mahindi yalipoanza kukaza punje, ikaja kazi ya kulinda nyani. Mashamba ya Zuleha na majirani zake, Mzee Yunusi na Fatma, yalipakana, na miaka yote yalilindwa kwa pamoja: kila mtu juu ya dungu lake, kile kichanja kirefu cha miti, kila dungu upande wake, na debe la kugonga. Mwaka huu Zuleha alisema huko ni kutawanya nguvu. Nyani wanashuka mlimani kwa njia moja, na njia ile ina kona pale korongoni. Madungu yote yajengwe pale.

Mzee Yunusi aliguna, akauliza maarifa hayo kayatoa wapi. Zuleha akajibu kwamba ameyajaribu mara nyingi, na hilo halikuwa uongo. Wakakubali kwa sababu walimjua. Mwanamke anayefunga mlango kisha anarudi kuusukuma aone kama umefungwa, atashaurije jambo la hatari?

Asubuhi ya kwanza wakapanda madunguni, na kweli nyani dume mmoja mkubwa akaja kwa njia ileile. Akawaona. Akakaa katikati ya njia na kuanza kujikuna. Wakagonga madebe, akawatazama. Wakarusha mawe kwa manati, akasogea kidogo, akakaa tena. Zuleha alikuwa hajafurahi vile kwa muda mrefu. Adui amekwama konani. Akawaambia wenzake asishuke hata mmoja.

Jua lilipopanda, Sabaha aliwaletea uji kwa kupitia upande wa mikorosho, ambao sasa haukuwa na dungu, na kabla hajafika akaanza kuita. Kundi zima lilikuwa ndani ya shamba la mama yake, majike na watoto migongoni, wanakula kwa utulivu wa wageni walioalikwa. Walipofukuzwa, wakaondoka na mahindi kwapani. Yule dume akainuka, akajinyoosha, akawafuata.

Nusu ya shamba ilibaki mabua matupu. Mwaka huo nyumbani kwa Zuleha ugali wa muhogo ungeanza mapema. Fatma, ambaye shamba lake halikuguswa, ndiye aliyelia. Sabaha, kwa hofu, alieleza habari yote ya minara na mazimwi. Mzee Yunusi alikuwa na haki ya kufoka, lakini aliuliza kwa upole:

"Mama Sabaha, kwenye huo mchezo wenu, anayecheza ni yupi? Maana mimi pale konani naona alikuwa yule dume."

Jioni ileile madungu yalirudishwa kila moja upande wake, na Zuleha akachukua upande wa mikorosho.

Kesho yake, akiwa juu na bintiye amekaa chini ya dungu, aliuliza bila kugeuza uso, "Hivi hakuna mchezo ambao adui hafuati njia?"

"Upo, mama. Wanatokea popote. Ila huo mgumu, hata mimi siuwezi."

"Basi jioni utaufungua," alisema Zuleha, macho kwenye mikorosho, na akagonga debe kabla hajaona kitu.