Nilivyocheza Mpira kwa Jina la Barasa

Hii aibu nimeificha miaka, wasee, hata mke wangu hajui, na nikiikumbuka nikiwa peke yangu bado nafunika uso kwa mikono kama mtu anayeangaliwa. Leo wacheni niitapike. Mkicheka, chekeni pole pole.

Nilikuwa mlinzi wa stoo ya vigae kule Sulay, Riyadh. Kazi yangu ilikuwa kufungua geti, kufunga geti, na katikati ya hapo kuangalia geti. Bosi aliniita sadik, yaani rafiki, madereva wa malori waliniita haris, yaani mlinzi, na kwa miezi saba hakuna binadamu aliyenitaja kwa jina langu. Nilikuwa naongea na paka. (Paka mwenyewe alikuwa na stoo nyingine anakokula, kwangu alikuja tu kulala.)

Sasa Ijumaa moja nikafua nguo zote kwa mpigo, nikabaki na jezi ya zamani ya chuo chetu cha ualimu, namba tisa mgongoni, na nikaamua, si ni hadi dukani tu kununua mkate, nikaivaa nikatoka. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu. Nikiwa mlangoni pa duka nikasikia mtu anapiga kelele kwa Kiswahili.

"Wee! Namba tisa! Si wewe ni Barasa?"

Alikuwa Mutua, dereva wa lori, mtu wa Machakos. Alisomea chuo jirani na aliwahi kutuona tukicheza fainali, akiwa mbali huko nyuma ya umati, na kilichomkaa kichwani ni hiyo jezi. Barasa alikuwa mshambuliaji wetu, mtu wa magoli. Ningesema hapana. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanifika begani, anacheka na mimi kana kwamba tumelelewa pamoja, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Umenikumbuka aje?"

Msinidharau sana, kwa timu nilikuwa. Nilikuwa benchi. Msimu mzima, mechi ya kwanza hadi fainali tuliyopoteza kwa penalti, sikuwahi kuingia uwanjani ila wakati wa kukusanya chupa za maji. Nilimshikia Barasa saa yake, nikamshikia kipa wetu Oduor glavu. Msimu ulipoisha kocha akagawa jezi kuukuu, hiyo tisa ilikuwa imepasuka kwapani, Barasa akaikataa, nikaichukua mimi nikaishona.

Mutua akanipeleka kwa chumba alichoishi na wenzake watatu. Wakapika ugali, wakaniuliza habari za ule msimu, nikaanza kuusimulia mechi moja kila Ijumaa, na mtu wa benchi huona kila kitu, kwa hivyo nilikuwa na mvua, matope, marefa, bao la dakika ya mwisho, yote ya kweli isipokuwa neno "mimi". Walikuwa wananinyamazia wanisikilize. Mnajua kunyamaziwa na watu wanne wakati umezoea paka? (Siku moja, kwa vile Barasa ni jina la Kiluhya, wakaniletea Mluhya "mwenzangu" anisalimie kwa lugha ya nyumbani. Mimi ni Mmeru. Nilikohoa hadi akaenda kunitafutia maji.)

Idi ilipokaribia, Wakenya wa Jeddah wakaomba mechi na sisi wa Riyadh. Mutua akaazima gari, na jina la kwanza kuandikwa kwa timu lilikuwa Barasa. Niliomba Mungu bosi akatae. Bosi akanipa ikama yangu mkononi, kile kibali cha kukaa nchini, akasema, "Yalla, siku tatu, halas."

Basi nikaanza kuchechemea. Hadi Jeddah ni mwendo wa zaidi ya saa tisa barabarani, na kila tuliposimama kuweka mafuta nilishuka nikichechemea ili waone goti ni bovu. Kituo cha tatu nikasahau nikachechemea kwa mguu mwingine, hakuna aliyegundua. Badala ya kuniambia nipumzike, Mutua alinunua dawa ya kuchua, akapiga magoti kwa changarawe, jua linawaka, akanichua goti zima lisilo na shida yoyote. "Litapona, Barasa. Watu wanakungoja." Ningemwambia hapo. Niliangalia utosi wake nikashindwa.

Uwanja ulikuwa kiwanja cha vumbi Ghulail, katikati ya majengo, na watu wamekaa hadi juu ya magari. Karisa, mtu wa Malindi aliyekuwa kiongozi wa wale wa Jeddah, alikuwa na kipaza sauti. "Jamani, leo tunaye Barasa!" Wakashangilia. Mpira wa kwanza ukanipita katikati ya miguu. Wa pili nikaupiga hewa nikaanguka chali. Tukapata penalti, wote wakasema Barasa, Barasa, nikaupiga ukapanda ukaingia dirisha la ghorofa ya pili, na mzee mmoja akaurudisha kwa dirisha hilohilo, akafunga vioo.

"Ni joto la Jeddah," Mutua aliwaambia watu. "Na goti."

Mapumziko, Karisa akanijia anatabasamu. "Ndugu yangu, tumeona leo roho yako haiko sawa. Basi tumekutafutia mtu wa kukupa moyo." Akanyanyua simu, ya video, na sauti akaiweka kwenye kipaza. Alikuwa Oduor, kipa wetu, sasa amenenepa.

"Barasa yuko wapi?" akauliza. Karisa akanielekezea simu usoni. Oduor akasogea karibu. "Huyu si Barasa."

"Mwangalie vizuri," Mutua akasema, "jua la huku linabadilisha mtu."

"Barasa nilikuwa naye jana matangani kwa mjomba wake. Huyo ni nani?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikaona afadhali nibaki hata na kile kidogo kilichokuwa changu. "Oduor, ni mimi, Muriuki. Wa benchi. Si nilikuwa nakushikia glavu?"

"Muriuki." Akafikiria. "Glavu nilikuwa naziweka chini kando ya goli. Kulikuwa na Muriuki kweli? Pole ndugu, sikukumbuki."

Watu walicheka hadi wengine wakashuka magarini wasianguke. Kicheko ningekivumilia. Lakini Oduor hakuwa anacheka, alikuwa amekunja uso anajaribu kwa kweli, ananitafuta kichwani mwake, na hanipati. Msimu mzima nilikaa hatua tano kutoka kwake.

Kipindi cha pili nilikikalia ndani ya gari. Kurudi Riyadh Mutua alinipitishia chupa ya maji bila kugeuka, basi. Ijumaa iliyofuata nilikaa getini. Na iliyofuata. Ya nne, Mutua akaja, akasimama nje.

"Nilitaka kukupigia kelele kutoka kule barabarani," alisema, "nikakosa nikuite nani."

"Elijah. Elijah Muriuki."

"Mimi bado nimekasirika, Elijah."

"Najua."

"Goti nilikuchua kwa mikono yangu."

"Najua, Mutua. Nisamehe."

Akapiga geti teke kidogo, akaangalia upande. "Wamepika. Lakini leo huongei mambo ya mpira."

Nikaenda. Nilikula kama mgeni, wakaniuliza natoka wapi, nina ndugu wangapi, maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza, maana Barasa walidhani wanamjua.

Sasa nimeapa. Mtu akinifananisha na mwingine, hata kama ndiye wa kwanza kunisemesha mwaka mzima, namkatiza hapohapo: umekosea, kaka, mimi ni Muriuki, nilikuwa benchi.