Maji Yaliyocheza Darini

Dada yangu hutambaa. Kila asubuhi, kabla watoto hawajaletwa, hujifunga kitambaa kiunoni, hupiga magoti mlangoni, kisha huzunguka vyumba vyote viwili vya shule yake ya chekechea kwa mikono na magoti. Majirani humwita Mama Magoti. Hacheki wala hakasiriki. Husema akisimama anaona darasa, akitambaa anaona msumari.

Mfukoni hubeba kikombe kidogo cha kahawa. Chochote anachookota sakafuni, kifungo, kokwa, gurudumu la gari la plastiki, hukitia humo. Kikiingia chote hakirudi kwa watoto, maana kingeweza kumkaba mmoja wao. Halafu huniita mimi, mdogo wake, fundi seremala, nije nipige msasa pembe ya meza ambayo jana haikuwa na neno.

"Dada, meza hii tukizidi kuichonga itakuwa kijiko."

"Basi watakunywea uji. Chonga."

Alianza kulea watoto wa watu baada ya mumewe kufariki na wanawe kwenda zao. Nyumba ilikuwa imemzidi ukubwa, na kimya kilimsumbua.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna tangi la saruji lililofukiwa nusu ardhini, la kuwekea maji kwa siku ambazo bomba hukauka. Zamani lilifunikwa kwa bati. Siku moja bati likamchana mtoto kidole, na Dada akalibeba mwenyewe akaenda kulitupa. Wakati tukitafuta mbao nzito za kifuniko, alitaka uzio. Mbao zilale, alisema, ili aweze kumwona mtoto yeyote atakayesogea huko. Nikazipigilia zikiwa zimelala, moja juu ya nyingine, nikiacha nafasi kati yake, na uzio ukapendeza. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba tumejenga ngazi.

Kati ya watoto alikuwepo binti wa mwoka mikate. Tulimwita Kinyonga kwa ule mwendo wake, mguu mmoja ukifikiri kwanza kabla ya kutua. Baba yake alimlea peke yake. Alimleta kila asubuhi akiwa bado na unga kwenye nyusi, akamkabidhi kwa maneno yale yale: "Mama, sina mwingine."

Baada ya chakula cha mchana watoto hulala kwenye mikeka. Hapo ndipo Kinyonga alipoanza kututoroka. Mara ya kwanza tulimkuta kwenye mlango wa nyuma. Tukahamishia komeo juu zaidi. Kesho yake tukakuta kigoda chini ya komeo, na yeye yuko uani. Mara iliyofuata alikuwa ameshafika kwenye uzio, ameshika ubao.

"Unakwenda wapi, mama?" Dada akamuuliza.

"Kuwashika."

"Kuwashika nani?"

"Wale wanaocheza."

Nikasema, "Huyu anaota."

"Anaota huku macho yakiwa wazi?"

"Hata mimi huota macho yakiwa wazi."

"Wewe ulianza tangu tumboni," Dada akasema, lakini hakutabasamu. Mchana ule hakugusa chakula chake.

Kesho yake, watoto walipolala, alimhamishia Kinyonga kwenye mkeka wa karibu na mlango, akajilaza mwenyewe kwenye mkeka aliozoea kulalia mtoto. "Nimetambaa miaka yote hii," alininong'oneza, "lakini sijawahi kulala chali." Nilikuwa pale pale nikitengeneza rafu. Punde akaniita kwa kidole. "Njoo ulale."

Niliona haya, mtu mzima na ndevu zangu. Nikavua viatu, nikalala. Miguu yangu ikavuka mkeka ikaishia sakafuni.

Juu kwenye dari nyeupe mwanga ulikuwa unatembea. Ulijikunja, ukajinyoosha, ukagawanyika ukawa nyuzi. Nyuzi zikawa samaki, samaki wakawa vidole vya mtu anayekuita polepole. Watoto walipumua pande zote, pumzi moja ikipanda, nyingine ikishuka, hata nikahisi chumba kizima kinaelea nasi tumo ndani. Sijui tulitazama kwa muda gani. Sikuwa na uzito, sikuwa na umri, sikuwa na kazi iliyoningoja.

"Ni maji," Dada akasema, kama mtu anayesemea usingizini. "Jua linapiga kwenye tangi, linaingilia dirishani." Kisha sauti yake ikabadilika. "Tangi."

Mkeka wa karibu na mlango ulikuwa mtupu.

Tulimkuta juu kabisa ya uzio, mguu mmoja umeshavuka, macho yake majini. Nilifungua mdomo nipige kelele, Dada akanifinya mkono. Mtoto akishtuka huanguka. Akaenda taratibu, kwa mwendo wa Kinyonga mwenyewe, akiimba kwa kupitia puani ule wimbo wa kuwalaza, mpaka mkono wake ukazunguka kile kitumbo. Ndipo akamvuta kwake. Akakaa chini kwenye tope, mtoto kifuani.

Jioni Dada alimweleza baba yake mtoto yote, bila kuficha kitu. Mwoka mikate akauliza, "Kifuniko kitakuwa tayari lini?"

"Kabla hujamleta kesho."

Nilikuwa nimeshapata mbao na nimeanza kukata. Baba mtoto akavua koti, akanishikia ncha ya pili ya ubao. Tuliweka kifuniko kizito chenye kufuli, tukaung'oa uzio na kuurudishia mbao zikiwa zimesimama.

Mchana uliofuata Kinyonga alilala chali, akangoja. Dari ilikuwa nyeupe tu.

"Wako wapi?"

"Nimewafunika," Dada akajibu. Angeweza kumwambia wamesafiri, hakutaka.

"Wafunue."

"Hapana, mama."

"Wewe mbaya."

"Ndiyo."

Mtoto akampa mgongo. Hakumuaga jioni ile, na asubuhi yake hakumsalimia. Uji aliupokea kutoka kwangu tu. Nikamwambia Dada amtafutie kitu cha kumbembeleza. Akakataa, huku anamtazama anavyopita mbele yetu na midomo ameivimbisha, na uso wake Dada ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Mwache aninunie," alisema. "Aninunie mpaka aolewe."