Bakuli la Bibi Halikutembea Tupu

Usiku ule nililala na hasira, na hasira yangu ilikuwa na jina. Rehema. Tumekua mtaa mmoja hapa Muheza, tumesoma sekondari moja, tumegawana hata kalamu. Siku hizi amejiunga na shirika la kujitolea, wale wa fulana za njano, wanaosema wanasaidia maskini wa kwao ng'ambo na maskini wa huku kwetu. Sijui kama maskini wa kwao nao wanavuliwa viatu.

Maana ndivyo alivyofanya. Mchana alikuja na simu mkononi kumpiga picha mwanangu Amina, ana miaka minne, ndipo tuingizwe kwenye mgao wa unga. Baba yake alianguka na bodaboda, mguu uko kwenye plasta, kazi hakuna. Sikuwa na ubavu wa kukataa. Nikamvalisha mtoto gauni lake la kijani la Idi, nikampaka mafuta, nikamvisha na viatu. Rehema akamtazama, akacheka.

"Mama Amina, tunaomba msaada au tunakwenda harusini? Mvue."

Akamvua viatu mwenyewe. Akaingia jikoni kwangu kama jikoni kwake, akachukua bakuli la marehemu bibi yangu, lile la bati lenye maua mekundu. Lilikuwa na maharage. Akayamimina kwenye sufuria, akampa mtoto alishike likiwa tupu.

"Usicheke, mrembo. Angalia chini."

Amina akaangalia chini. Akapigwa picha. Kisha Rehema akaondoka na bakuli, eti linatoka vizuri kwenye picha, anakwenda kuwapiga nalo picha na watoto wa nyumba nyingine. Kesho asubuhi picha zote zinatumwa, zinachapwa kwenye bango kubwa. Mimi nikabaki mlangoni nimeshika viatu vya mtoto.

Sasa bakuli lile, msilione bakuli tu. Bibi ndiye aliyenilea, na yeye na wenzake walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja akisonga ugali anatenga konzi ya unga. Nyumba yenye shida inapelekewa chakula kilichoiva, kimefunikwa kawa, magharibi, kwa mlango wa uani, jirani asijue. Na aliyepelekewa harudishi chombo kitupu. Akikosa kabisa anatia hata ndimu moja. Mama yake Rehema, mjane yule, naye sasa marehemu, alikuwa anatia mchaichai, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichoota nyuma ya nyumba yake. Rehema amelishwa na bakuli lile. Halikuwahi kutembea tupu, kwenda wala kurudi.

Basi nikalala. Niliingia jikoni nikamkuta Bibi amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, amenipa mgongo. Nilijua amekufa na wala sikushtuka. Mikono yake ameitanguliza mbele kama mtu aliyebeba kitu, ila hakuna kitu. Alipokuwa hai, akiniona tu ananiita mke mwenza, kwa utani wa Babu. Usiku ule hakuniita.

"Liko wapi?" anauliza.

Nataka kumtaja Rehema, mdomo umejaa unga. Unga mkavu. Natema, hauishi. Bibi anainuka, anafungua mlango wa uani, namfuata, lakini uani hakupo. Tuko uwanja wa shule, jua linachoma, wanawake wamepanga foleni. Wote wamekufa. Ni wenzake Bibi wale wale, wamevaa kanga zao nzuri za kutokea, kila mmoja amebeba bakuli lililofunikwa kawa, na mvuke wa chakula unatoka pembeni.

Mbele yao inapita fulana ya njano. Juu ya shingo hakuna uso, kuna simu. Inafunua kawa moja baada ya jingine na kumwaga chakula chini. Wali. Kunde. Samaki wa nazi. Kila ikimwaga inasema, "Asante, mama. Angalia chini. Asante, mama. Vua viatu." Chakula kinatufika vifundoni, bado cha moto.

Inafika kwa Bibi. "Bibi, huzunika kidogo."

Bibi, ambaye hata kitandani alikofia aliagiza wanja wake! Anacheka, kicheko chake kile cha kuwatisha wenye duka.

"Huzuni yangu nailia chumbani kwangu," anasema.

Simu inazimika. Uwanja umekuwa mtaa wetu. Amina anapita peku, bakuli tupu mikononi, anabisha mlango wa kwanza. Unafunguliwa, watu wanalitazama bakuli, yeye hawamuoni. Anabisha wa pili. Namkimbilia, nampigia magoti, nakishika kidevu chake nikiinue. Hakiinuki. Shingo imekakamaa kama ya kinyago. Natumia mikono miwili. Mwanangu anaangalia chini tu, na mimi niko chini yake kabisa, na bado hanioni.

Nyuma yangu kunanukia mchaichai. Mama yake Rehema amesimama, mwembamba vile vile, ameshika kifungu cha majani na hana pa kukitia.

"Njaa tulikuwa nayo," ananiambia. "Bakuli tupu sikurudisha. Muulize mwanangu, nani kamfundisha kuingia nalo kwenye nyumba za watu?"

Kisha Bibi ananishika bega. Mkono wa moto, kama umetoka kugeuza chapati.

"Picha haijaondoka, mke mwenza. Amka."

Niliamka nimeshika kidevu cha Amina. Kulikuwa kumekucha. Mtoto akafumbua macho, akanitazama usoni, akauliza kama kuna chai. Nusura nimle kwa busu. Nikamvalisha gauni la kijani, nikamfunga viatu.

"Mnakwenda wapi?" baba yake akauliza kutoka kitandani.

"Kwa Rehema. Nimetumwa."

"Utatukosesha unga wewe. Umetumwa na nani?"

"Na Bibi. Na mama yake Rehema."

Akajifunika shuka hadi kichwani.

Rehema nilimkuta kwenye nyumba ile ile ya mama yake, barazani, anapiga mswaki, fulana ya njano keshaivaa. Bakuli la Bibi liko juu ya ndoo, kifudifudi.

"Picha ya mwanangu umetuma?"

"Hebu ngoja nisukutue, Mama Amina. Bado. Intaneti inasumbua tangu alfajiri."

"Ifute."

Akatema povu. "Shoga, umeamka na mashetani? Nikiifuta, unga hupati. Sikutishi, ndivyo walivyopanga, sikupanga mimi."

"Wao hawakuingia jikoni kwangu. Aliyemwaga maharage ni wewe. Futa."

"Unajua wangapi wanaitaka nafasi hiyo?"

"Wape. Halafu wavue viatu."

Akanitazama kama ataniita mwendawazimu. Nikamwambia, "Nimeoteshwa mama yako. Ameshika mchaichai, hana pa kuutia. Anauliza, nani kakufundisha kuingia na bakuli tupu kwenye nyumba za watu?"

Mswaki ukabaki hewani. Sikumhurumia. Nilisimama pale pale na mtoto wangu mwenye viatu, nikasubiri. Alichukua simu, akainama, akabonyeza, akanigeuzia kioo nione. Picha ya Amina haipo.

"Sasa mtakula nini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Hilo sikutumwa nikujibu."

Akainua bakuli kutoka kwenye ndoo, akalifuta maji kwa pindo la ile fulana, akaninyooshea. Kabla sijalipokea, akalitazama ndani. Mkono ukarudi wenyewe. Akazunguka nyuma ya nyumba nalo, na mimi na Amina tukasikia kisu kinakata majani.