Jiko au Sanduku: Kulea Vifaranga Wakati wa Kipupwe

Chwii, chwii, chwii. Nikitulia, sauti ile bado naisikia. Ilitoka ndani ya maboksi yenye matundu yaliyoshushwa kwenye ndege ndogo pale uwanja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nimevaa viatu vya kuazima, na nilidhani kazi ya ofisi ya mifugo ni ng'ombe tu.

Bwana Mifugo, mtu mrefu wa kutoka bara, aliniwekea boksi moja mikononi. Akasema, "Lishike kama mtoto mchanga. Na usikimbie."

Nikatembea nalo taratibu, nikiwaimbia walio ndani. Kwa kweli niliwaimbia.

"Mwanaidi, unamwimbia nani?"

"Vifaranga, bwana. Wanalia."

"Hao wamefika sasa hivi kutoka Dar es Salaam. Ngoja kwanza wazoee lafudhi yako."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya uhudumu wa kuku, niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Nyinyi vijana mliozaliwa na umeme hamwezi kujua taabu ya joto. Kifaranga aliyeanguliwa na mama yake hulala chini ya mbawa. Wale wetu walitotolewa kwa mashine, mama hawamjui. Manyoya ya kweli hawajaota, wana malaika tu, yale manyoya laini kama sufi, na baridi ikiwapata hurundikana mpaka wa chini wanakosa pumzi. Kwa hiyo ilibidi tuwatengenezee mama. Mama huyo tulimwita bruda, na Bwana Mifugo alinifundisha kwamba yuko wa namna mbili.

Ya kwanza ni bruda ya jiko. Unazungusha uzio wa majamvi, unamwaga maranda chini, na katikati unaweka jiko la mkaa lililofunikwa debe lenye matundu, wasije wakatumbukia. Joto lake ni kali na linafika mbali, lakini jiko linakula mkaa na linataka mtu wa kulichunga muda wote. Ya pili ni sanduku. Hili halina moto kabisa. Ni sanduku fupi la mbao lenye vitundu vya hewa ubavuni, na badala ya kifuniko lina mto mwembamba wa sufi unaoning'inia karibu na migongo yao. Sanduku halitengenezi joto. Linalizuia joto la miili yao wenyewe lisipotee. Wakiwa wengi na wana nguvu, wanapashana moto wenyewe kwa wenyewe.

"Kaskazi, sanduku. Kipupwe, jiko," alisema Bwana Mifugo. "Lakini ukiwa huko peke yako na mambo yakageuka, amua. Usikae kuningoja mimi."

Nilipelekwa na vifaranga kwenye kisiwa kidogo cha Chole kipupwe kilipoanza. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kina mama wa Chole walikuwa wamejenga banda la kuku kwa kazi ya pamoja, wakikandika udongo huku wanaimba. Nilikuwa na ndoto kubwa wakati ule. Nililiona kila jahazi likiondoka Mafia limejaa mayai, na kila mtoto wa visiwani ana yai lake asubuhi. Nilikuwa nikiyasema haya kwa sauti, na watu wakicheka, nami nikicheka nao.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye hakucheka. Alitaka banda lile liwe ghala la mbata, maana nazi kavu za kijiji zilikuwa zinalowa. Alinipokea ufukweni akaniambia mbele ya kina mama: "Ndugu Mwanaidi, karibu. Hawa vifaranga wakipona, banda ni lenu. Wakifa, naingiza mbata. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Ndugu Mwenyekiti."

Mkuu wa kikundi alikuwa Bi Mosi, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka Utende, ng'ambo ya maji. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Tulipanga bruda ya jiko kama nilivyofundishwa, tukatumia mkaa wa vifuu vya nazi, vifaranga wakatawanyika vizuri kwenye maranda. Hiyo ndiyo dalili njema. Wakikimbilia ukutani wameona joto, wakibanana kwenye jiko wameona baridi, na wakitawanyika kama watu sokoni wameridhika.

Siku ya tatu upepo wa kusi ulikaza. Nilikwenda kisimani asubuhi, nikamwachia Bi Mosi zamu. Kurudi, sikusikia mlio.

Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni, moshi mtamu, wenye harufu ya ubani. Jiko lilikuwa limejazwa mkaa mpaka juu, na pembeni yake chetezo kinafuka. Bi Mosi ameketi kwenye kigoda, anafuta macho kwa kanga, ameridhika kabisa.

"Bi Mosi! Umefanya nini?"

"Nimewalea. Hawa si wachanga? Mchanga na mama yake si huwekewa moto, mlango ukafungwa, wakafukizwa, upepo usiwaingie? Mimi nimewaotesha moto wazazi wa kijiji kizima hiki."

"Lakini hawa ni kuku, mama!"

"Kuku si kiumbe?"

Sikuweza hata kukasirika. Vifaranga walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi. Nilirarua magunia, nikalitoa jiko nje, na upepo ukaingia wote. Hapo ndipo nilipokwama. Jiko likirudi na madirisha yakiwa wazi, joto lote lingekwenda na upepo, na nikiyafunga ningewaua kwa moshi. Sanduku lilikuwepo, nililiweka kwa ajili ya joto la kaskazi, lakini sanduku linategemea joto lao wenyewe, na hawa hata kusimama hawawezi.

Bi Mosi alipoona jiko liko nje alishika kichwa. "Unawatia baridi! Umewahi kuona mzazi anakaa bila moto? Wewe hujazaa, Mwanaidi!"

"Sijazaa, Bi Mosi. Nisaidie basi wewe uliyezaa. Nipe chupa na maji ya moto."

Akanitazama kidogo. Kisha akatoka, na sauti yake nikaisikia inazunguka kijiji: "Chupa! Kila mwenye chupa!" Zikaja za mafuta ya taa, za siki, mpaka chupa ya dawa ya kikohozi ya Mwenyekiti, ambayo mkewe aliimwaga bila kumuuliza. Tulizijaza maji ya moto, tukazifunga vipande vya kanga, tukazilaza ndani ya sanduku. Kisha tukawaingiza vifaranga mmoja mmoja, tukashusha mto wa sufi. Zikipoa tunabadilisha. Tulishinda hivyo mchana kutwa, kina mama wakipokezana birika, hadithi na matani yakiendelea. Mimi nusura nilirudishe jiko mara kumi, kwa woga. Kila nikitaka kulirudisha, naingiza mkono chini ya mto na kukuta joto bado lipo.

Jua linakaribia kuzama niliingiza mkono nikakuta chupa zimepoa na hakuna aliyekuwa amezibadilisha, lakini mle ndani kuna joto. Lilikuwa lao. Mmoja akanidonoa kidole.

Walikufa wachache, niliwalilia na sioni haya kusema. Bwana Mifugo alifika kesho yake pamoja na Mwenyekiti, akainua mto, akatazama.

"Kipupwe, na umewaweka kwenye sanduku."

"Mambo yaligeuka, bwana."

Akapenyeza mkono, kisha akamgeukia mwenzake. "Ndugu Mwenyekiti, mbata zako zitafutie pahali pengine."

"Nimeona," alisema Mwenyekiti. "Na dawa yangu ya kikohozi?"

Bi Mosi akajibu kabla sijafungua mdomo: "Kohoa tu, baba. Utazoea."

Baadaye nilihamishiwa kisiwa cha Bwejuu, papo hapo Mafia, na huko nilirudia jiko, maana vifaranga walikuwa wachache mno kupashana joto na upepo wa bahari haukuwa na kizuizi. Kisha Juani, kisha Kilindoni tena, chini ya Bwana Mifugo mwingine, mkali wa usafi, aliyetuletea taa za umeme wa jenereta. Vijana huniuliza ipi bora. Mimi huwauliza wao: vifaranga ni wangapi, wana nguvu gani, chumba kinapumua vipi, na nani atakaa nao? Wakinijibu hayo, jibu la swali lao wanalo tayari. Mayai ya kujaza majahazi sikuyaona, lakini Chole watoto walikula mayai, na banda lilibaki la kuku. Naridhika.

Siku ya kustaafu walinipikia pilau pale ofisini, nikavaa gauni jipya. Wenzangu walipotangulia kunawa, niliingia bandani. Miaka yote nilikataza mtu kukaa kwenye maranda. Nilivua viatu, nikaketi chini, nikanyoosha miguu. Vifaranga wakaja mmoja mmoja, wakajipanga kando ya paja langu, wakafumba macho. Nikasikia naitwa nje kwenye pilau, sikuinuka, nisije nikawaamsha.