Mama Mishale Apanga Kazi za Kiwanda

Kiwandani walimwita Mama Mishale, na jina hilo alilipokea kwa kicheko. Kazi yake ilikuwa kuchora kazi za wenzake. Ndani ya programu ya kompyuta, kila hatua ilikuwa kisanduku, na kati ya kisanduku na kisanduku ulipita mshale. Kiwanda kilitengeneza magodoro, na mkurugenzi alitaka aweze kuona kwenye kioo cha kompyuta namna godoro linavyoshonwa, linavyouzwa na, likiwa na bahati mbaya, linavyorudi.

Shida ni kwamba kabla yake kila idara ilikuwa imejichorea yenyewe. Michoro ilijazana humo kama nguo kwenye kapu la dobi: mmoja unaitwa “Mpya”, mwingine “Mpya Kabisa”, mwingine “Usiguse Huu”. Mama Mishale aliisoma yote, akafuta iliyopitwa na wakati, akaipa iliyobaki majina ya kueleweka. Kazi hiyo ilimkaa vizuri. Kitu kilichovurugika hakikumtia kero, ilimradi aachiwe chai yake.

Mama mkwe wake, ambaye aliishi nao, alimuuliza jioni moja wakikunja nguo, “Mwanangu, hivi hasa wanakulipa ufanye nini?”

“Napanga kazi za watu, mama. Nani anaanza, nani anapokea, nani anamaliza.”

“Aa! Umbea wenye mshahara.”

Walicheka mpaka mume akaja kuchungulia mlangoni.

Mambo yalikwenda sawia hadi alipofika kwenye magodoro yanayorudishwa na wateja. Hapo alikuta michoro miwili, na kila mmoja uliishia mlangoni kwa mwenzake. Mauzo waliandika, “Peleka ghalani.” Ghala waliandika, “Subiri mauzo.” Na kweli, kwenye korido kati ya ofisi hizo mbili magodoro yaliegemezwa ukutani, watu wakipita ubavuubavu.

Akawaita wakuu wa idara zote mbili. Mzee wa ghala, mtu wa maneno ya kuhesabika, alikaa upande huu. Dada wa mauzo, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikaa upande ule.

“Mzigo ukirudi ni wa mauzo,” mzee alianza. “Wao ndio waliouuza.”

“Loo! Kwa hiyo mimi nilale na magodoro ofisini, mzee wangu?”

“Utalala vizuri.”

Kicheko kikawatoka wote watatu, na vifua vikalegea. Mama Mishale alifungua ukurasa mtupu.

“Tuache idara kwanza, tuanze na mteja. Amekuja na godoro lake limebonyea katikati. Anamkuta nani?”

“Mimi,” alisema dada wa mauzo.

“Halafu?”

Mzee akajikuna kidevu. “Nalikagua mimi. Lakini nipewe karatasi inayosema mteja analalamikia nini. Bila hiyo nakagua nini? Ndiyo maana naliacha palepale.”

“Kumbe ni karatasi tu? Si ungesema!”

“Hukuniuliza.”

Visanduku vikaanza kujipanga. Likabaki swali la mchoro huo ukae folda ya nani, na hapo nusura ugomvi uzaliwe upya. Mama Mishale akatengeneza folda isiyo ya idara yoyote, akaiita “Mteja Anarudisha Godoro”, akauweka mchoro humo, kisha akaipa kila idara njia ya kuufikia. Akibadilisha mahali pamoja, wote wanaona.

Korido ilifunguka wiki hiyohiyo. Naye akaipanga michoro mingine kwa mtindo huo, akifuata safari ya mteja na ya mzigo badala ya milango ya ofisi. Mkurugenzi aliifuata mishale kwa kidole, midomo ikimcheza.

“Kumbe ndivyo tunavyofanya kazi?”

“Tulivyokubaliana kufanya, bosi,” alijibu.

Wahasibu peke yao waligoma, wakisema michoro yao isiguswe na mtu. Mama Mishale hakubishana nao. Alichukua kikombe chake, akavuta kiti katikati ya meza zao, akawaomba wamsimulie siku yao inavyoanza.