Kitambulisho Alichokiazimisha Mama Wening

Mama Wening akishika maiki, hata paka wa mtaani huacha kujilamba. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, ukumbi wa mtaa kule Solo, karibu na mto Bengawan, unajaa watu. Kuna akina mama na watoto wao, madereva wa pikipiki, askari wa kata aliyetumwa na bosi wake lakini kilichomleta hasa ni vipande vya soya vya kukaanga viitwavyo tempe, na waria sita saba, wazaliwa wa kiume wanaoishi kama wanawake, waliojipodoa utadhani wanaposwa.

Yeye mwenyewe ni waria. Alizaliwa wakamwita Parjiman. Alipofika miaka kumi na tisa baba yake akamfukuza kwa mpini wa jembe, akaja mjini akajiita Wening. Sasa ana sitini na mbili, na saluni ya kiti kimoja na kioo chenye ufa. Ulimi hauna ufa hata kidogo.

"Nyie wa pikipiki," anaanza. "Mkimbeba mmoja wetu mnaona haya, gunia la vitunguu mnalikumbatia. Kati yangu na kitunguu, nani ananukia vizuri?"

"Kitunguu, Mama," anajibu mmoja.

"Ndiyo maana mpaka leo hujaoa."

Wakishacheka, ndipo anapowafundisha. Askari anaambiwa waria akija kushtaki kupigwa, asiulizwe kwanza kavaa nini. Akina mama wanaambiwa mtoto wa jirani akifukuzwa usiku, mfungulie, maneno yatasubiri asubuhi. Halafu waria wanapewa yao. Usipande gari kabla hujamtumia mtu namba yake. Ujue mlango mmoja utakaofunguliwa ukigonga. Na usimwazime mtu kitambulisho chako. Hilo la tatu analisema akiangalia sakafu, na watu walidhani ni mbwembwe zake tu.

Kwa masomo hayo, yanayowafundisha pia kwenda kudai haki zao ofisini, waria kumi na mmoja walipata vitambulisho. Mwalimu mwenyewe hana.

Mwaka huu mguu ukaanza kuvimba, ukifika jioni unang'aa kama biringanya. Zahanati wakasema ni figo, aende hospitali kubwa haraka. Hospitali inataka bima, bima inataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka kadi ya familia, ambayo iko kijijini Wonogiri kwa kaka yake, Ngadimin. Miaka arobaini na tatu hawajaonana.

"Mwalimu wa kuogelea anaogopa maji," akamchokoza Menik, msusi kijana anayemsaidia saluni.

"Funga domo, wewe. Nyusi hujajua kuchora."

Lakini Jumanne ile wakafanya mazoezi mbele ya watu. Menik akawa Ngadimin, kajifunga kikoi, kakunja uso.

"Unataka nini hapa?"

"Nakala ya kadi tu, Kaka. Sitakaa hata kunywa chai."

"Akikutukana je?" Menik akauliza, akiacha kuigiza.

"Nitanyamaza."

"Wewe? Unyamaze?" Ukumbi ukaangua kicheko. Walijiandaa kwa matusi, kwa kipigo, hata kwa mbwa.

Mama Wening alikwenda na basi la asubuhi, kavaa suruali na shati lisilo na maua. Akamkuta Ngadimin uani, mzee mkavu, anaanika makopa kwenye mkeka. Mzee akainua uso, akamtazama muda mrefu. Hakutukana. Akasema inna lillahi taratibu, kipande cha muhogo kikamponyoka mkononi.

"Kaka Min. Ni mimi."

"Parjiman alikufa mwaka tisini na tatu," akasema Ngadimin. "Nilimwosha kwa mikono hii."

Wakakaa kibarazani. Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa. Polisi walimwita, Ngadimin akaeleza, kuna mwili umetolewa Bengawan. Ulikuwa na siku tatu majini, sura imekwisha, umevaa blauzi. Ndani ya sidiria mlikuwa na kitambulisho, kimeviringishwa kwenye nailoni.

Mama Wening alikikumbuka kitambulisho hicho. Mwaka ule kulikuwa na misako kila wiki, na asiye na kitambulisho alitupwa kwenye lori. Yeye siku hiyo alikuwa na homa, hatoki. Akampa Lastri chake, rafiki yake waliyeimba naye barabarani na kulala naye chumba kimoja. Picha yenyewe ilishafifia, ungeweza kumpa yeyote mwenye mashavu. Lastri alitoka na hakurudi. Wening alimtafuta mochwari mbili na stesheni zote, akitaja jina la Lastri. Hakuna aliyelijua.

"Alikuwa na jino la dhahabu?" akauliza.

"La juu, kushoto. Nikasema, kumbe mdogo wangu mjini alijaliwa." Ngadimin akafuta midomo. "Kichwani nyuma palikuwa na tundu. Polisi wakaandika kateleza."

"Huyo alikuwa Lastri, Kaka."

"Mama alimsomea Yasini kila Alhamisi mpaka anakufa. Tukamlaza ubavuni pake."

Mama Wening akalia kwa mara ya kwanza, kimya, kama alivyoahidi. Alipomaliza akasema lililomleta. "Twende kwa mkuu wa kijiji. Useme mimi mzima."

"Wataniuliza nimemzika nani. Watafukua. Mama yuko shibiri mbili tu kutoka pale. Na wale waliotoboa kichwa hawataulizwa, nitaulizwa mimi."

"Figo zimekufa, Kaka. Nitakufa."

Ngadimin akainuka, akaenda kugeuza makopa, kipande kimoja kimoja, mpaka mwisho wa mkeka.

"Umeshakufa mara moja, Man," akasema bila kugeuka. "Tulikulilia vizuri sana. Siwezi tena."

Hakukuwa na zaidi. Mama Wening akaomba basi hata nakala ya cheti cha kifo, akapewa, pamoja na mfuko wa makopa. Akapita makaburini. Jiwe limeandikwa Parjiman, limesafishwa, maua ya juzi juzi yapo.

"Shoga," akasema, "umelala na mama yangu." Akasoma Fatiha, akamtaja Lastri kwa jina lake. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemtaja pale.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata alifika hospitali kubwa, akatoa cheti kutoka ndani ya sidiria, akakipitisha dirishani. Binti wa mapokezi akakisoma mara mbili.

"Mama, hapa imeandikwa umekufa."

"Najua, mwanangu. Ila mguu haujaambiwa."

Binti akacheka. Kisha akachungulia chini ya dirisha, akauona, akaacha kucheka. "Bila namba siwezi kuingiza jina lako," akasema polepole. "Mfumo haukubali."

"Na ukikubali, utaniandika nani?"

Binti akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Alasiri ukumbi ulijaa kama kawaida. Mama Wening aliomba kiti, yeye ambaye hafundishi ameketi. Hakuanza na vitunguu. Alianza na la tatu, la kuazima kitambulisho, na safari hii aliwaangalia usoni.

"Kulikuwa na mtu anaitwa Lastri," akasema.

Menik, mlangoni, akazima feni ili wasikie.